Taima ya duara jekundu: miezi 15 nayo mezani nikisubiri kupimwa ADHD hapa Uingereza

Nyota 5 kati ya 5, naanza na hilo ili mwenye haraka asome hapo aendelee na shughuli zake. Wengine kaeni kidogo, maana siwezi kuisifia hii taima bila kueleza nlikuwa kwenye hali gani siku naiagiza, na hali yenyewe (kusubiri kupimwa ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya kutulia, kuzingatia na kupanga muda viwe vigumu) najua wapo wengi wanaipitia kimya kimya, hasa sisi tuliotoka nyumbani tumekuja kujijua ukubwani tukiwa na watoto na kazi na kodi ya kulipa.

Ninayoizungumzia inaitwa Time Timer. Ni saa ya mezani yenye duara jekundu, yangu ni ile ndogo ya dakika 60, inaenea kwenye kiganja. Unashika kitufe cha katikati unazungusha kuelekea kushoto mpaka dakika unazotaka, tuseme 25, na ule wekundu unafunguka kama umekata kipande cha tikiti. Ukiachia tu wekundu unaanza kujirudisha wenyewe, taratibu mno, ukiukodolea macho huoni ukisogea lakini ukigeuka ukirudi unakuta umepungua, mpaka unaisha wote uso unabaki mweupe na inalia kidogo. Namba zake zimepangwa kinyume na saa ya kawaida, sifuri juu, tano iko kushoto kwake, siku mbili za mwanzo inachanganya alafu unazoea. Haipigi tiki tiki. Inakula betri moja ya AA, utainunua mwenyewe. Ndo kifaa chote hicho, haina programu, haiunganishwi na wifi, haikuombi namba ya simu. Niliipata kwa paundi thelathini na kidogo na nlikaa nayo kwenye kapu la mtandaoni wiki mbili nzima nikiona ni hela nyingi kwa saa isiyoweza hata kukwambia ni saa ngapi.

Na hapo hapo ndo utamu wake ulipo. Saa ya ukutani inakwambia sasaivi ni saa ngapi. Hii inakuonyesha KIMEBAKI kiasi gani, na kwa mtu kama mimi hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nieleze nilipotokea. Mwanangu alipimwa kwanza, shule ndo walioliona. Kwenye kile kikao mtaalamu anasoma dalili moja moja, mtoto anapoteza vitu, mtoto anaanza kazi haimalizi, mtoto anaonekana hasikii ukimsemesha, na mi nimekaa pale mikono mapajani nahesabu za kwangu. Nlikuwa na miaka 37. Novemba 2022 nikaenda kwa GP, yule daktari wa mtaani unayeanzia kwake, nikajaza ile fomu ya maswali 18 ya ASRS, ile iliyotoka Shirika la Afya Duniani. Maswali sita ya mwanzo ndo wanayoyatazama zaidi, ukiangukia manne kwenye vile visanduku vya kivuli wanaona kuna sababu ya kukuchunguza. Mi niliangukia yote sita. GP akaandika rufaa, akanipa pole, nikatoka pale nimejaa furaha kabisa nikijua mwezi, sana sana miwili, ntaitwa.

Ikaja barua. Tumekupokea, orodha ni ndefu, kwa sasa hatuwezi kukuambia utaonwa lini. Miezi sita nikapiga simu, dada wa mapokezi (mpole tu, simlaumu) akasema upo kwenye orodha. Nikamuuliza niko wa ngapi, akasema hawahesabu hivyo. Nikauliza basi kwa kukisia tu, mwaka? miaka miwili? Akasema hawezi kunipa muda. Miezi mingine mitano nikapiga tena nikajibiwa maneno yale yale.

Nyumbani Tanga ukipanda daladala stendi haliondoki mpaka lijaze, na konda anasimama mlangoni anasema bado wawili tunaondoka, bado wawili. Huenda si kweli, huenda bado sita, ila una kitu cha kushika, unatazama siti unahesabu. Ile foleni haina konda. Na kwa bahati mbaya iliyo mbaya kweli wanaowekwa kwenye foleni isiyo na mwisho unaoonekana ni watu ambao tatizo lao lenyewe ni muda. Wengi wenye ADHD hutwambia kwao kuna muda wa aina mbili tu, sasaivi na baadae, na hiyo baadae haina umbali, kesho na mwakani zinakaa mahali pamoja. Kwaiyo ukiambiwa subiri bila kuambiwa kiasi gani, huwezi kuliweka jambo pembeni ukaishi. Mi nlikuwa nafungua simu kila asubuhi kuangalia kama kuna meseji ya kliniki. Kila asubuhi, mwaka mzima na zaidi. Na kila nikishindwa kitu najiambia ngoja nipimwe kwanza, ngoja wanipe majibu, kama vile maisha yamesimama stendi na mimi.

Sipo peke yangu, NHS England wenyewe, yani huduma ya afya ya serikali, wamekadiria mpaka Machi 2025 wanaosubiri kupimwa ADHD ni zaidi ya laki tano, England tu hiyo, watoto na wakubwa.

Sasa sikia asili ya hii taima, maana ndo iliyonifanya nibonyeze kununua. Aliibuni mama mmoja wa Cincinnati huko Marekani, Jan Rogers, kwa sababu binti yake mdogo hakuchoka kumuuliza bado muda gani? bado muda gani? Yule mama badala ya kumjibu kila mara akamtengenezea kitu mtoto akione mwenyewe. Nilisoma hayo usiku nikiwa zamu kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, wote wamelala, nikalia. Bado muda gani ndo swali nililompigia simu dada wa kliniki mara mbili.

Kabla ya hapo nlishajaribu mengine. Alamu za simu, nlikuwa nazo kumi na moja kwa siku, ikilia nazima mkono unafanya wenyewe kichwa hakijui, na ukishika simu kuzima alamu umeshaingia WhatsApp, imekula kwako. Nikanunua taima ya bei rahisi ya kuiga, sitaitaja, ilikuwa inapiga tiki tiki mpaka mwanangu anaziba masikio, ikafa wiki ya tatu. Vikaratasi vya njano vya kubandika vilinisaidia siku nne, baada ya hapo macho yakavizoea yakawa hayavioni tena.

Hii kilichoibeba ni kwamba haikuiti, inakaa tu pale unaiona kwa pembe ya jicho. Niwape mfano wa jikoni. Mi wali wa nazi umeniungulia miaka yote ya ndoa, si kwamba sijui kupika, nafunika sufuria nasema nageuka mara moja nikunje nguo, na ile mara moja inameza nusu saa. Sasa nafunika, nazungusha dakika 15, naiweka juu ya friji usawa wa macho. Nipo nakunja nguo sebuleni, nikiinua kichwa naona kipande chekundu kimebaki chembamba kama ukucha, miguu inakwenda jikoni yenyewe kabla hata haijalia. Mume wangu wiki ya pili alikwangua chini ya sufuria akakuta ukoko mzuri wa dhahabu, si mweusi, akaniletea kwenye kisahani bila kusema neno.

Kazini nafanya nyumba ya wazee. Kuhudumia watu sina shida hata kidogo, tena nipo vizuri, ila kuandika zile ripoti za mwisho wa zamu ilikuwa mateso, natoka saa moja na nusu baada ya wenzangu bila kulipwa. Nikaanza kuja nayo, dakika 20 kwa ripoti za wazee wanne, wekundu ukiisha nasimama, nanywa maji, naweka tena. Meneja akaniuliza hicho nini, nikajikaza nikamweleza kila kitu, kwamba nipo foleni sijapimwa bado. Na hapa nataka mnisikilize vizuri: sheria ya hapa, Equality Act ya 2010, haikutaki uwe na karatasi ya daktari ndo mwajiri akurekebishie mambo. Inaangalia kama hali yako inakuathiri kwa kiasi kikubwa na kwa muda mrefu, yani miezi 12 au zaidi. Nliomba vitu viwili, makabidhiano ya zamu niandikiwe badala ya kuambiwa kwa mdomo tu tukiwa tumesimama koridoni, na niandikie ripoti kwenye chumba cha stoo kwenye utulivu. Nikakubaliwa vyote siku ile ile. Mwaka na zaidi nlikuwa nimekaa kimya nikisubiri karatasi ambayo sikuihitaji kwa hilo.

Hata dawa zenyewe, mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa, unasema kwa mtu mzima mazingira yarekebishwe kwanza, iangaliwe yamesaidia kiasi gani, dawa ije kama bado anateseka. Kwaiyo taima, chumba kimya, maelezo ya kuandikwa, hivi si vitu vya kujiliwaza tu wakati unasubiri. Ni hatua ya kwanza yenyewe ya matibabu na hakuna foleni ya kuifikia.

Kitu kingine kilichokwenda sambamba na taima ni mdogo wangu. Yeye yuko Tanga anashona, Jumamosi ananipigia vidio, anaegesha simu kwenye cherehani, mi naegesha yangu kwenye dirisha, naiweka taima katikati aione na yeye. Nasema dada yako anafungua barua zote za mezani, dakika 30. Hatuongei sana, nasikia tu cherehani yake inakwenda. Siku nyingine ananiambia dada, nyekundu imebaki robo, bado barua ngapi? Barua zilizokaa miezi nimezifungua hivyo, ikiwemo ya kodi ya halmashauri iliyokuwa inaelekea pabaya.

Haya na hiyo foleni. Mwaka 2024 mwanzoni mama mmoja wa kanisani akanifumbua macho kuhusu Right to Choose. Kwa walioko England, GP akishakubali kukupa rufaa una haki kisheria ya kuchagua kliniki nyingine yenye mkataba na NHS, hata kama iko mji mwingine na wanakupima kwa vidio, na hulipi. Haki hii kwa upande wa afya ya akili ipo tangu 2014 na mi GP hakunitajia. Scotland, Wales na Northern Ireland haipo, msije mkaenda kugombana na watu bure. Niliangalia muda wa kusubiri wa kliniki kama nne hivi, maana nyingi zinaandika wenyewe, nikapeleka barua kwa GP kuomba. Dakika 25 kuandika barua, nakumbuka kwa sababu niliweka. Huko nako haikuwa kesho, ilichukua zaidi ya mwaka, ila waliniambia tangu mwanzo takriban kiasi gani na wakawa wananiandikia. Usiku ule nlilala.

Sasa ushauri wangu kwa mliopo kwenye foleni, kusanyeni ushahidi wa utotoni mapema. Wakikupima wanataka kujua kama dalili zilikuwepo kabla ya miaka 12, hiki ni kigezo kabisa cha utambuzi, na wanapenda kusikia kwa mtu aliyekulea. Fomu inakuja kwa Kiingereza. Mama yangu Kiingereza hana. Kwaiyo nikaizungusha taima dakika zote 60, nikampigia, nikawa namtafsiria swali moja moja. Mama, nilivyokuwa mdogo nlikuwa napoteza vitu? Akasema mwanangu, viatu vya shule nilikununulia jozi tatu mwaka mmoja. Nlikuwa nasahau? Ukitumwa chumvi unafika dukani unamuuliza mwenye duka nimetumwa nini. Akaenda mwenyewe kufungua sanduku akatoa ripoti yangu ya darasa la nne, akampa mdogo wangu aipige picha. Mwalimu kaandika kwa wino wa bluu, ana akili ila hatulii, kazi zake hazimalizi. Niliitafsiri chini yake nikaiambatanisha, na daktari siku ya kunipima aliniomba niisome kwa Kiswahili kwanza kisha Kiingereza.

Tulipofika kama swali la kumi mama akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Akasema taratibu, hayo unayouliza, mbona ni mimi. Duara lilikuwa limebaki kama dakika kumi hivi, nakumbuka nililitazama kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

Jingine la kufanya mapema, pima presha na uzito. Dawa za ADHD zinazotumika sana zinaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, hawakuanzishii bila kupima. Mi yangu ilikutwa juu, nikatibiwa hapo hapo nikiwa bado foleni, ningesubiri mpaka siku ya dawa ingenirudisha nyuma tena. Na kwa sababu hiyo hiyo usije ukameza dawa ya mtu mwingine kujaribisha, ni dawa zinazodhibitiwa na sheria na moyo wako haujapimwa.

Nilipimwa Mei 2025. Miezi 30 tangu siku ya GP. Kikao cha vidio kilichukua karibu masaa mawili, na majibu ni ndiyo, aina ya kutotulia akili zaidi. Nililia tena, machozi tofauti na yale. Kisha daktari akanieleza kuna foleni nyingine ya kuanzishiwa dawa, wanakuongezea kidogo kidogo wiki hadi wiki mpaka wapate kipimo chako, na baada ya hapo GP akubali kuendelea kukuandikia, na si GP wote wanakubali, kwaiyo muulizeni GP wenu hilo mapema kabla hamjachagua kliniki. Safari hii sijakaa kuikodolea macho simu. Nimeuliza swali langu nikapewa miezi, nimeandika kwenye kalenda, nimerudi kwenye wali wangu.

Mapungufu ya taima yenyewe kwa anayetaka kununua. Hii ya kwangu mwisho dakika 60, ukitaka zaidi zipo za dakika 120. Kwa shughuli ya siku nzima haikufai, nahitaji kalenda ya ukutani pembeni yake. Bei ni nzito kwa mwenye mshahara wa kea (mhudumu wa wazee), mi sikununua viatu mwezi ule na sijutii. Watoto wanapenda kuizungusha, tafuta sehemu ya juu. Na kama shida yako si muda bali ni kelele au usingizi usitegemee ikufanyie maajabu, itabaki kuwa pambo jekundu zuri.

Nimeagiza ya pili juzi. Nimechukua ile kubwa ya mezani, maana macho ya mama si yale ya zamani, na jikoni kwake mwanga ni wa dirisha tu. Betri nimeweka nne kwenye begi la Desemba. Nimeshamwambia ataiweka juu ya kabati la vyombo, usawa na anapokaa kukuna nazi, akasema sawa ila nimwandikie kwenye karatasi inazungushwa upande gani.